Skyrim umeimaliza, Morrowind imekushinda kwa panya: je, binamu yako anasema kweli?

Swali: Shikamoo kaka. Gemu ya Skyrim nimeimaliza, pamoja na nyongeza za Dawnguard na Dragonborn. Binamu yangu, ambaye ni mkubwa kwangu sana, kila tukikutana ananiambia sijaona kitu mpaka nicheze Morrowind, gemu ya zamani ya mfululizo uleule. Iliposhuka bei nikainunua. Nilichagua kabila la Redguard, nikawa mpiganaji, yaani Warrior, nikatoka kile kijiji cha mwanzo na kisu mkononi. Nikakutana na panya. Nampiga, nampiga, kisu kinapita mwilini mwake na haumii, mwisho akaniua yeye. Hakuna mshale wa kuonyesha njia, watu hawaongei, ni kusoma tu. Je, kweli hii gemu ni bora kuliko Skyrim, au wakubwa wanasifia ujana wao? Na kama ni bora, nifanyeje niiweze? Kompyuta yangu ni mpakato ya zamani, RAM GB 4.

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na huyo panya, kwa sababu naona ndiye aliyekukatisha tamaa, na kisa chake kikieleweka nusu ya swali lako itakuwa imejibika.

Kwenye Skyrim, upanga ukimgusa adui umempata. Ustadi wako unaamua tu ameumia kiasi gani. Morrowind haiendi hivyo. Macho yako yanaona kisu kimepita, lakini gemu kabla ya kukubali inarusha kete kichinichini. Hesabu yake ni hii: inachukua ustadi wako wa aina ile ya silaha, inajumlisha moja ya tano ya wepesi wako, ambao kwenye skrini umeandikwa Agility, na moja ya kumi ya bahati, yaani Luck. Jumla hiyo inazidishwa kulingana na ule mstari wa kijani pale chini, wa pumzi. Ukiwa umejaa unazidisha kwa 1.25, ukiwa mtupu unazidisha kwa 0.75. Halafu panya naye anakatiwa fungu lake la kukwepa.

Sasa tukuweke wewe kwenye hesabu. Redguard aliyechagua Warrior anaanza na Long Blade 50, maana huo ni ustadi wake mkuu, ni wa upande wa vita, na kabila lake limempa nyongeza ya 15. Huyo ni mtu wa upanga mrefu. Wewe ulitoka na kile kisu cha chuma ulichokiokota ofisi ya forodha pale Seyda Neen, nacho ni cha ustadi mwingine, Short Blade, ambao kwa mhusika wako ni 10 tu. Wepesi wako 40, bahati 40. Kwa hiyo 10 na 8 na 4, jumla 22. Na nina hakika ulifika kwa panya ukiwa unakimbia, kwa sababu kila aliyetoka Skyrim anakimbia. Kukimbia kunamaliza mstari wa kijani. 22 mara 0.75 ni 16.5. Hata kabla panya hajakwepa, katika visu kumi ulikuwa na tumaini la kupata kimoja, labda viwili.

Mpe mtu yuleyule upanga mrefu, atembee badala ya kukimbia, afike pumzi imejaa: 62 mara 1.25, ni 77.5. Panya hamalizi dakika.

Gemu haikukwambia haya, na hilo ni kosa lake, nalisema bila kulitetea. Ilitoka Mei 2002, na waliotengeneza, Bethesda, walikuwa bado wanafikiri kwa mtindo wa michezo ya mezani ambamo mhusika wako ana uwezo wake na wewe una wako. Kijitabu kilichokuja na diski ndicho kilichoeleza. Wewe uliyenunua kwa kupakua hukukiona, na hata ungekiona usingekisoma. Skyrim, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011, ilishaamua kwamba mkono wako ndio mkono wa mhusika. Kwenye kupigana, basi, usibishane na binamu yako: Skyrim ni bora, na si kwa kidogo. Hata ukishakuwa bingwa, vita vya Morrowind ni watu wawili wamesimama wanapungiana vyuma mpaka mmoja adondoke. Juu ya hapo kuna wale viumbe warukao, cliff racers, wanaokufuata kutoka kilima hadi kilima wakipiga kelele. Hakuna mchezaji wa Morrowind asiyewachukia.

Lakini hilo la mshale wa njia ni jambo jingine, na hapo binamu yako ana hoja.

Kumbuka Bleak Falls Barrow, lile kaburi la kale la kwenye Skyrim. Lucan, mwenye duka la Riverwood, anasema ameibiwa ukucha wa dhahabu. Dada yake anakusindikiza mpaka darajani na kukuonyesha mlimani. Hata kabla hajafungua mdomo, mshale uko juu ya skrini. Unapanda, unaingia, unaua draugr, wale maiti wanaotembea, unafika kwenye mlango wa duara wenye picha za wanyama. Pale, jambo la nadra, Skyrim inakuacha ujitegemee: unafungua mfuko wako, unaugeuza ule ukucha, na kwenye kiganja chake unakuta dubu, nondo na bundi. Ni kitu kizuri sana. Kila mtu anakikumbuka kwa sababu ni mahali pachache ambapo jibu lilikuwa kwenye kitu ulichokishika, halikuwa kwenye mshale.

Sasa chukua kazi ya mwanzo ya Morrowind. Caius Cosades wa mji wa Balmora, mzee kifua wazi ambaye chumba chake kinanuka ulevi, ndiye bosi wako wa ujasusi. Anakutuma kwa Hasphat Antabolis wa chama cha wapiganaji ukaulize habari za unabii. Hasphat naye hatoi kitu bure, anataka kisanduku kidogo cha Wadwemer, watu wa kale waliotoweka, kilichoko kwenye magofu ya Arkngthand. Njia anakwambia kwa mdomo: toka Balmora kwa kusini, vuka mto Odai, pita ngome ya Moonmoth, utaona daraja la kale juu ya bonde la Foyada Mamaea, magofu yako ng'ambo. Unaondoka na maneno hayo tu. Ukifika mlango haufunguki, kwa sababu hukugundua kwamba kwenye lile bomba la pembeni kuna mkono wa kuzungusha. Ukishaingia, hakuna atakayekwambia kisanduku kiko chumba gani.

Mara ya kwanza utachukia. Lakini angalia kinachotokea kichwani mwako. Umeangalia vibao vya njia na kuvisoma. Umeijua ngome ya Moonmoth. Umejua kwamba Foyada Mamaea ni korongo refu linalopanda mpaka Red Mountain, na siku nyingine ukipotea ukaliona utajua uko wapi. Ukimaliza Morrowind, kisiwa cha Vvardenfell unakijua kama mtaa wenu. Skyrim nimeicheza kuliko Morrowind, na mpaka leo ukizima ule mshale nashindwa kutoka Whiterun kwenda Rorikstead bila kufungua ramani. Barabara ile nimeipita nikiangalia alama, mazingira sikuyatazama.

Watu wengi wanadhani mshale uliletwa kwa sababu wachezaji wamekuwa wavivu. Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni sauti. Wahusika wa Morrowind wanaongea kwa maandishi, sauti ni za salamu na matusi tu. Maandishi ni rahisi: mwandishi anaweza kumpa mkulima aya tatu za kueleza njia, na wiki moja kabla gemu haijatoka akabadilisha "kulia" ikawa "kushoto". Kuanzia Oblivion ya 2006, gemu iliyo katikati ya hizi mbili, kila neno likaanza kutamkwa na mwigizaji. Kila sentensi ikawa na gharama yake, na ikisharekodiwa haibadiliki. Hakuna atakayemlipa mwigizaji asome aya tatu za "ukifika kwenye jiwe lenye nyufa pinda kaskazini". Kwa hiyo maelezo yakafupishwa, na kilichopungua kikajazwa na mshale. Ukitaka kuhakikisha, uzime mshale kwenye Skyrim halafu usikilize watu wanavyokutuma. Wengi hawakwambii hata upande.

Kusafiri vilevile. Kwenye Skyrim unabonyeza mahali ulipowahi kufika, umefika. Vvardenfell ina usafiri wake kama nchi yoyote. Pale Seyda Neen ulimwona yule mdudu mkubwa kama nyumba mwenye miguu mirefu? Huyo ni silt strider. Unalipa nauli anakupeleka Balmora, Vivec, Suran au Gnisis. Pwani kuna boti. Kwenye ofisi za chama cha wachawi kuna mtu anayekurusha hadi ofisi ya mji mwingine. Kuna uchawi wa kuweka alama mahali na kurudi hapo, na mwingine wa kukurudisha kwenye hekalu lililo karibu. Ukishaunganisha hivi vyote unapanga safari: strider mpaka Balmora, chama cha wachawi mpaka Caldera, kilichobaki kwa miguu. Yaani kama mtu anayejua daladala gani inaishia wapi.

Kabla hujafika hata Balmora, tembea barabara ya kutoka Seyda Neen. Utasikia mtu anapiga kelele, utazame juu, utamwona anaanguka kutoka mbinguni. Anapiga chini, amekufa. Ni mchawi. Anaitwa Tarhiel, na ana karatasi za uchawi wake na shajara ya kueleza alichojaribu. Uchawi wenyewe unakuongezea ustadi wa kuruka kwa pointi 1,000, kwa sekunde 7. Ukiusoma na kuruka utavuka karibu nusu ya kisiwa hewani. Ila kabla hujatua zile sekunde zitakuwa zimekwisha, nawe utakufa kama yeye. Isipokuwa ukisoma karatasi ya pili ukiwa unakaribia ardhi. Hakuna anayekwambia hilo la karatasi ya pili, ni lazima ufe kwanza au ufikiri kwanza.

Skyrim haina kitu kama hicho. Kupaa angani kuliondolewa tangu Oblivion, kwa sababu miji ilianza kutengenezwa kama vyumba nyuma ya geti. Ukiruka ukuta wa Whiterun kwa kutumia kasoro za gemu, ndani hukuti mji unaoujua. Morrowind miji yake imesimama nje pamoja na nchi nzima, na minara ya wachawi wa ukoo wa Telvanni haina hata ngazi: kama hujui kupaa, humfikii mwenye nyumba. Ni dharau iliyojengwa kwa ukuta, naipenda sana. Uchawi nao unautengeneza mwenyewe kwa kuchanganya nguvu, muda na eneo, kitu ambacho Skyrim imekifuta kabisa. Imefuta na madaraja ya wahusika 21, na stadi zimepungua kutoka 27 hadi 18. Kwa upande mwingine ile miti ya vipaji ya Skyrim ni rahisi kuielewa, na kila leveli unaona umepata kitu. Morrowind utapanda leveli na usijue umepata nini.

Twende kwenye hadithi, ambako nitakaa kidogo.

Skyrim inakupa jibu mapema. Unaua joka pale mnara wa magharibi wa Whiterun, roho yake inakuingia mbele ya askari, nao wanatamka jina lako la utukufu. Kuanzia hapo wewe ni Dragonborn, mtu mwenye roho ya joka, na hakuna mwenye shaka. Wazee wa mlimani wanakuita kwa sauti inayotikisa nchi. Unaweza kuwa mkuu wa Companions, mkuu wa wezi, mkuu wa wauaji na mkuu wa chuo cha uchawi cha Winterhold, vyote kwa pamoja, na cheo hicho cha mwisho unaweza kukipata ukiwa mtu wa shoka ambaye uchawi ameutumia mara chache tu, na hiyo ni kwa sababu alilazimishwa.

Vvardenfell hakuna "mgeni njoo, mwenyeji apone". Umeshushwa kutoka meli ya wafungwa, wewe ni mgeni kwenye nchi ya Wadunmer, yaani Waelf weusi, na watakutukana usoni. Chama hakikupandishi cheo mpaka stadi zako zifike kiwango chake. Koo kubwa tatu zinakubali wageni, Hlaalu, Redoran na Telvanni, lakini ukiingia moja umezikosa mbili. Chama cha wapiganaji cha Balmora kitakutuma uchukue kitabu cha siri kwa mwanamke wa chama cha wezi, ndani ya kilabu chao, bila kukueleza kwa nini. Ukiuliza huku na huku utagundua kwamba mkuu wa chama chako amenunuliwa na genge la Camonna Tong, na kitabu kile ni silaha dhidi ya wapinzani wa genge. Unaweza kutii, unaweza kukataa na kuungana na wale wanaotaka kumwondoa. Gemu haikusukumi upande wowote.

Na ule unabii wenyewe una shaka. Unaambiwa huenda wewe ni Nerevar, shujaa wao wa kale, aliyerudi duniani. Lakini unaambiwa pia kwamba Kaisari alikutuma kwa sababu tarehe na mazingira ya kuzaliwa kwako yanalingana na unabii, yaani inawezekana ni mchezo wa siasa. Ukifika kwenye pango la waliotangulia, unakutana na mizimu ya watu walioambiwa maneno yaleyale kabla yako na wakashindwa. Unaugua corprus, ugonjwa usio na dawa, na mzee Divayth Fyr anakujaribishia kinywaji ambacho hana hakika nacho. Miungu watatu wanaotawala nchi ni watu walioiba nguvu zao, na mmoja wao, Vivec, unaweza kumfuata nyumbani kwake mkazungumza. Unaweza hata kumuua.

Hapo kuna tofauti ambayo ukishaijua huwezi kuisahau. Kwenye Skyrim mtu muhimu ukimpiga anapiga goti, anapumzika, anasimama tena. Kwenye Morrowind anakufa. Gemu inakuandikia kwamba uzi wa unabii umekatika: urudi pale uliposevu, yaani ulipohifadhi mchezo, au uendelee kuishi katika dunia uliyoiharibu. Na inakuacha kweli uendelee! Hata Vivec akifa, iko njia ya uchochoro ya kumaliza hadithi, inayopitia kwa Mdwemer wa mwisho aliye hai, anayeishi chini ya mnara wa Fyr. Wengi wamecheza miaka bila kuijua.

Sasa nataka nikurudishe Windhelm, ule mji wa baridi wa kwenye Skyrim. Ulipoingia mara ya kwanza, getini tu, ulikuta Wanordi wawili, wenyeji wa pale, wanamsumbua mama wa Kidunmer, wanamwambia hatakiwi pale. Halafu ukaona mtaa wa Gray Quarter, uchafu na baridi. Ulipita, nadhani, kama wengi wetu. Morrowind inatokea mwaka 427 wa Zama za Tatu, Skyrim mwaka 201 wa Zama za Nne. Katikati, mwaka wa 5 wa Zama za Nne, lile jiwe kubwa linaloelea juu ya mji wa Vivec, lenye gereza ndani yake, lilianguka, Red Mountain ikalipuka, na Vvardenfell ikateketea. Wale wa Windhelm ni wakimbizi wa nchi hiyo na watoto wao. Watu waliokutukana wewe kwa kuwa mgeni kwenye gemu moja, kwenye gemu nyingine ndio wageni wanaotukanwa. Skyrim inalitaja kwa mistari michache tu, na kama hujacheza Morrowind halina uzito.

Ile nyongeza ya Dragonborn uliyoimaliza imejaa mambo ya namna hii. Raven Rock uliikuta mji wa majivu wenye mgodi uliofungwa, chini ya diwani wa Redoran. Kwenye Bloodmoon, nyongeza ya Morrowind ya 2003, mgodi huo ndio kwanza unaanza, na wewe ndiye unayesaidia kuujenga, tena unachagua mkubwa yupi umtumikie. Neloth, yule mchawi mwenye dharau wa Tel Mithryn, utamkuta Sadrith Mora akiwa mdogo kwa miaka mia mbili na dharau ileile.

Nisije nikaonekana namponda mtoto wa nyumbani kwenu. Skyrim ina mambo ambayo Morrowind haikaribii. Watu wake wanaamka, wanafanya kazi, wanakwenda kilabuni, wanalala. Wa Morrowind wamesimama palepale mchana na usiku, na ukiwauliza jambo moja, ishirini kati yao watakupa aya ileile kama wamekariri shuleni. Mapango ya Skyrim kila moja lina kisa chake, mara nyingi unakisoma kwenye mifupa iliyolala sakafuni bila mtu kukueleza. Kisa cha Markarth, cha njama za waasi wa Forsworn na mgodi wa Cidhna, ambapo unaingia kama mpelelezi na kutoka kama mfungwa aliyetoroka, kinasimama pamoja na chochote cha Morrowind. Na jioni ya siku ya kazi, mtu amechoka na ana nusu saa tu, Skyrim inachezeka. Morrowind inataka ukae na daftari.

Hukumu yangu, kwa kuwa umeiomba: dunia ya Morrowind imeandikwa vizuri zaidi, gemu ya Skyrim inachezeka vizuri zaidi, na mimi binafsi kama ningelazimika kubaki na moja ningebaki na Morrowind. Binamu yako anakosea akisema hujaona kitu. Umeona kingi.

Kompyuta yako haina shida. Morrowind ilitengenezwa kwa mashine za RAM MB 256 na kadi ya picha ya MB 32, na inakula kama GB 1 ya diski. Skyrim ya 2011 ilitaka RAM GB 2; ile ya Special Edition ya 2016 ndiyo inayodai GB 8, hiyo ingekuhangaisha. Badala ya kuiendesha kama ilivyo, pakua OpenMW, programu ya bure iliyoandikwa na mashabiki. Inatumia mafaili ya gemu uliyoinunua, inaonyesha vizuri kwenye skrini za siku hizi, na kuanguka kwake ni nadra kuliko ile ya asili. Marekebisho mengine ya mashabiki yaache kwanza. Wengi wanamaliza wiki wakipamba gemu ambayo hawajaicheza.

Anza upya, na huyohuyo Redguard. Ofisi ya forodha kabla hujatoka, kwenye pipa la uani utakuta pete. Nje kuna Mwelf mdogo anaitwa Fargoth, ataiuliza. Mrudishie: mwenye duka, Arrille, ni rafiki yake, atakupenda zaidi na bei zitashuka kidogo. Una dhahabu 87 ulizopewa na serikali. Kisu kiuze, tafuta silaha ya ustadi wako. Kama dukani hakuna upanga mrefu, shoka au rungu ni bora kuliko hicho kisu, kwani Axe na Blunt Weapon ziko kwenye orodha ya pili ya Warrior. Ng'ambo ya kijiji kuna pango la Addamasartus, lenye majambazi wanaoficha watumwa. Usiliingie mara moja, ila ukiliingia, mmoja wao ana ufunguo wa pingu. Wewe ndiye utakayeamua uutumie au la.

Tembea. Ukiona adui mbali, simama pumzi ijae ndipo umsubiri aje. Pumzi inaingia kwenye kila kitu: uchawi ukiwa umechoka unashindikana, na hata kupatana bei kunakuwa kugumu. Nguvu za uchawi hazirudi zenyewe kama ulivyozoea, ni mpaka ulale au unywe dawa. Sevu kabla ya kila mlango usioujua. Strider ya kwanza panda ya Balmora, nenda kwa Caius, akikwambia ufanye kazi nyingine kwanza ukomae, mtii.

Na Arkngthand, kile kisanduku ni kidogo kuliko unavyofikiri. Kiko kwenye rafu, kimechanganyika na vyombo vingine vya shaba.